Wanafunzi wangu wamemwona mhusika wa riwaya darasani. Nifanye nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, kwenye mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kwenda mikoani. Hii ni ajira yangu ya kwanza na bado sijathibitishwa kazini. Naomba usitaje mkoa wetu, maana huku watu wanajuana.

Mwaka huu nafundisha fasihi kidato cha tatu. Mojawapo ya riwaya zetu ni Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ile ya Peter na Zita wa Dar es Salaam: wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, baba mlevi, mama anauza chakula, na wao wanaishia kuokotaokota jalalani. Mimi mwenyewe nilikisoma kitabu hikihiki kwa notisi. Mwalimu aliandika ubaoni dhamira ya kwanza umaskini, ya pili ulevi, ya tatu malezi, sisi tukanakili, tukakariri, tukafaulu. Hakuna aliyetuuliza watoto wa aina hiyo wanaishi wapi. Nilijiapia kwamba nikipata darasa langu sitafundisha hivyo.

Basi tukimaliza sura, kila mwanafunzi anaandika insha fupi: ni jambo gani la kwenye sura hii umelishuhudia kwa macho yako mtaani kwetu, na limefanana au limeachana vipi na la kitabuni. Kisha kila mmoja anasoma yake mbele ya wenzake. Shangazi, natamani ungewasikia! Watoto ambao muhula mzima hawanyanyui mkono wanagombania kusoma. Mmoja aliandika habari za kilabu cha pombe karibu na kwao, jinsi watoto wa mwenye kilabu wanavyosuuza vikombe alfajiri kabla ya kuvaa sare. Mwingine aliuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu: kama Peter na Zita walifukuzwa kwa sababu ya ada, na siku hizi ada hakuna, mbona watoto bado wako barabarani?

Tatizo lilianzia stendi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, stendi yetu hailali. Basi likiingia, wavulana wanalikimbilia na ndoo za mayai ya kuchemsha, karanga na maji, wananyoosha mikono madirishani. Wengi wao ni wanafunzi, na mayai si yao. Ni ya mfanyabiashara mmoja, anawalipa kwa kila trei wanayoimaliza.

Msichana mmoja, anayeandika vizuri kuliko wote darasani, alisoma insha yake hivi: "Peter ninayemjua mimi hakai Dar es Salaam. Anakaa dawati la nyuma yangu. Usiku anauza mayai stendi, asubuhi analala kipindi cha hesabu, na anachapwa kwa kulala. Daftari lake lina madoa ya pilipili." Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja. Darasa zima liligeuka kutazama nyuma. Yule kijana alicheka pamoja na wenzake, akafunga daftari lake akaliweka chini ya dawati. Tangu siku hiyo anakuja shule kwa kudonoadonoa.

Wenzake hawakuwa na nia ya kumwaibisha. Walikasirika kwa niaba yake. Wameandika rasimu ya barua kwa mtendaji wa kata wakitaka mfanyabiashara yule azuiwe kuwatumia wanafunzi usiku, na wameshaanza kukusanya sahihi. Wanataka kuisoma siku ya wazazi. Shangazi, mfanyabiashara huyo ni mjumbe wa bodi ya shule. Madawati wanayokalia yeye ndiye aliyeyatoa.

Mkuu wa shule amesikia. Aliniita akaniambia kwa upole tu: "Mwalimu, fundisha dhamira, fundisha wahusika, watoto wafaulu. Mtaa una wenyewe." Kijana analelewa na bibi yake, mama yuko mbali, na nasikia hela ya mayai ndiyo inayonunua unga. Wenzangu ofisini wamegawanyika. Wengine wananiambia nimewasha moto, wengine kwamba nikinyamaza sasa, watoto hawataniamini tena.

Nikiwazuia, nitakuwa nimewaonesha kwamba fasihi ni ya kujibia mtihani tu. Nikiwaachia, kijana anaweza kupoteza kibarua kinachomlisha, na mimi nikapoteza changu. Nikirudi kwenye notisi za kunakili, sijui nitasimamaje mbele yao. Nifanye nini?

Mwalimu wa kidato cha tatu

*

Marahaba, mwalimu wangu, na pole kwa mzigo.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kwanza niseme lililonifurahisha, kwa sababu kwenye hofu yako umelipitia haraka. Mtoto wa kidato cha tatu amekuuliza mbona ada imeondoka na watoto bado wako barabarani. Swali hilo watu wazima wenye vyeo wanalikwepa. Limetoka kwenye darasa lako kwa sababu uliwaachia watoto nafasi ya kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Hata ukiamua kubadili kila kitu kesho, usije ukajishawishi kwamba hilo lilikuwa kosa.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Kuna namna yako ya kufundisha, ambayo mkuu anaitilia shaka. Kuna kijana mmoja ambaye maisha yake yamesomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Na kuna darasa lenye hasira njema, linalotaka kutenda. Unahisi ukigusa moja umeyagusa yote. Mimi naona yanaweza kufunguliwa moja moja, na kila moja lina hatari zake. Sitakuamulia, maana wewe ndiye unayeishi hapo. Lakini kuna mambo kadhaa umeyachukua kama yalivyo, ningependa tuyaangalie upya.

Niruhusu nianze na huyo Peter wa dawati la nyuma, kwani nadhani kiini kiko hapo.

Insha ya yule msichana ina nguvu, na nguvu yake iko kwenye kulinganisha. Lakini je, kweli kijana yule ni Peter? Wa kitabuni shule ilimfukuza. Huyu wa kwenu shule haijamfukuza, inamchapa kwa kusinzia. Wa kitabuni baba yake anakunywa nyumba ikateketea. Huyu hukutaja baba. Ana bibi anayemtegemea na mama aliye mbali, na ana soko lililofunguka usiku kwa sababu mabasi yamerudi barabarani. Wa kitabuni mwandishi ameshamaliza habari zake. Huyu wa kwenu bado yuko kidato cha tatu, na habari zake ni zake. Tukimwita Peter tunakuwa tumempa mwisho ambao hajauchagua, mbele ya watu wanaoujua mwisho huo kwa sababu wamekisoma kitabu.

Uliwaambia waandike pia jinsi jambo lilivyoachana na la kitabuni. Mimi nafikiri sehemu hiyo ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo watoto huipita mbio, kwa sababu kufanana kunasisimua zaidi. Chukua lile swali la ada. Riwaya ya Mbogo ilitoka mwaka 2002. Ada ya shule za msingi ilikuwa ndiyo kwanza imefutwa mwaka mmoja nyuma, na sekondari watu waliendelea kulipa. Waraka wa elimu bila malipo ulitoka mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo mlango uliomtoa Peter si uleule. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, viatu, madaftari, nauli, na chakula cha mchana pale ambapo wazazi wamekubaliana kuchangia. Mtoto wa leo anaweza asifukuzwe na mtu yeyote, akaondoka mwenyewe polepole, leo yupo kesho hayupo, kama unavyosema kuhusu kijana wako. Darasa likiligundua hilo, litakuwa limekisoma kitabu na mtaa vizuri zaidi kuliko kwa kusema tu "ni yaleyale".

Huhitaji kubaki kwenye machungu kila wiki ili kuwazoesha kazi hii. Wape Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamtamani binti wa watu, na karatasi za sensa zinateketea kwa moto. Waulize ingekuwaje mwaka 2022, makarani walipotembea na vishikwambi. Pengine kimoja kipo mezani kwako, maana baada ya sensa viligawiwa kwa walimu. Moto usingekuwa na cha kuchoma. Lakini je, kaya inayoficha idadi ya watu wake kwa hofu ya serikali imekwisha? Hapo utapata mjadala wa nguvu, na hakuna mtoto atakayegeukiwa na wenzake.

Narudi kwa kijana wako. Umesema anakuja kwa kudonoadonoa tangu siku ile, na unaamini ni aibu. Inawezekana. Lakini barua yako haioneshi kwamba umemuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huenda bibi anaumwa. Huenda mwenye mayai ameongeza zamu. Huenda hakuchoshwa na insha hata kidogo, amechoshwa na fimbo za kipindi cha hesabu, na hapo kuna mwenzako wa kuzungumza naye ofisini kabla ya kufika kwa mtendaji wa kata. Kabla ya hatua yoyote yenye jina la kijana huyu nyuma yake, ningependa mtu amsikilize. Si lazima uwe wewe. Kama shule yenu ina mwalimu wa ushauri na unasihi ambaye watoto wanamwamini, mshirikishe. Zungumzeni naye pasipo na macho ya wenzake, na msianze na mayai. Anzeni na yeye: anaendeleaje, analala saa ngapi, bibi hajambo? Akikwambia biashara anaitaka kwa sababu inamlisha, usishtuke. Akikwambia anataka kutoka na hajui atokeje, hilo nalo lina njia yake, na nitalifikia.

Sasa barua ya wanafunzi. Nahisi moyoni mwako umeiweka barua kwenye kapu la ujasiri, na kutoiandika kwenye kapu la woga. Tuichungulie vizuri zaidi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikatazi kila kazi. Mtoto aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Inachokataza ni kazi za hatari, kazi za kinyonyaji, na kumwajiri mtoto kazi za usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Umeona tofauti hiyo inavyobadilisha barua? Kijana wa miaka 16 anayeuza mayai jioni baada ya shule, akafika nyumbani mapema, yuko mahali pengine kabisa kisheria kuliko yule anayekimbilia basi la saa saba usiku kwa ajili ya trei za mtu mwingine. Darasa lako linaweza kujadili saa badala ya kumjadili mtu. Linaweza kuuliza kwa nini mfanyabiashara asiwape wanafunzi kazi za mchana wa Jumamosi na usiku akaajiri watu wazima. Ombi la namna hiyo halimnyang'anyi kijana unga, wala halimfanyi mjumbe wa bodi aonekane jambazi mbele ya wazazi.

Sisemi kwamba halitaleta kelele. Hata barua isiyotaja jina, katika mji ambao mwenye mayai ni mmoja, jina limo. Na kuna hatari nyingine ambayo watoto wa kidato cha tatu hawawezi kuiona: ofisi ikishapokea malalamiko, hatua rahisi kwake ni kuwatuma mgambo stendi usiku wawafukuze wavulana na ndoo zao. Mwenye mayai atabaki nyumbani amelala. Wanafunzi wataamka asubuhi wakute barua yao imewapokonya wenzao riziki na haikugusa kingine chochote. Ukiamua kuwaruhusu waandike, wafikishe kwanza kwenye swali hili: tukipata tunachoomba, kesho yake nani anakula nini? Waache wahangaike nalo. Inaweza kuwa somo gumu kuliko riwaya yenyewe.

Kuisoma siku ya wazazi ni jambo jingine kabisa, na hapo nina wasiwasi zaidi. Mwezi Aprili 2025, nchini Kenya, wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la maigizo kule Nakuru na tamthilia iliyowachokoza wenye mamlaka, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe. Mwandishi wao, mwanasiasa, alikamatwa. Wasichana waligoma kuigiza bila yeye, na pale palipokuwa na watoto wa shule na watu waliokuja kutazama igizo pakapigwa mabomu ya machozi. Wapo waliowaona mashujaa, na mimi siwezi kuwabeza, maana walisimama kwa miguu yao. Lakini ugomvi ulikuwa wa watu wazima kwa kiasi kikubwa, na moshi ukawaingia watoto. Kwenu hakuna mabomu. Kuna bodi, madawati na mwalimu asiyethibitishwa kazini. Hata hivyo swali ni lilelile: wakubwa wakianza kuvutana, watoto watakuwa wamesimama wapi, na nani atakuwa amesimama mbele yao?

Hapo ndipo nikuulize jambo ambalo barua yako imelizunguka. Kwa nini barua iwe ya watoto? Sheria hiyohiyo inampa kila mtu katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitaarifu serikali ya mtaa au halmashauri. Wajibu huo ni wako na wangu, ni wa mkuu wa shule, ni hata wa dereva wa basi anayenunua mayai yale. Ukiridhika kwamba kijana anatumikishwa, unaweza kumwona afisa ustawi wa jamii ana kwa ana, bila sahihi za watoto wala kipaza sauti. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ingawa kwa jambo hili sidhani lingekuwa mlango wako wa kwanza. Kuna pia namba 116, ya bure, ambako mtu mzima au mtoto mwenyewe anaweza kupiga akaongea na mtu aliyezoea kusikiliza. Faida ya njia hii ni kwamba inamtazama mtoto kwenye nyumba yake, pamoja na bibi na unga. Hasara zake nazo zipo: maafisa ustawi ni wachache na wana maeneo makubwa, unaweza kusubiri sana, na katika mji mdogo aliyetoa taarifa huchelewa kujulikana lakini hujulikana. Kwa kazi yako isiyothibitishwa, hilo si dogo. Kama kuna mwalimu mkongwe anayekubaliana nawe, mwende wawili.

Bibi naye amekaa pembeni ya habari yote hii, na ndiye mwenye mtoto. Je, yeye anasemaje? Huenda hajui mjukuu wake anasinzia darasani. Huenda anajua na inamuuma. Kumtembelea na mwalimu mwenzako, mkapiga hodi, mkakaa kwenye mkeka mkasikiliza, kunaweza kukufungulia jambo ambalo halimo kwenye insha. Au anaweza kukuona umekuja kumsimanga kwa umaskini wake. Utakavyoingia ndivyo atakavyokupokea, kwa hiyo usiende na barua mkononi.

Kuhusu mkuu wako wa shule, umesikia "mtaa una wenyewe" ukahisi amekufungia mlango. Mimi nasikia pia mtu anayeogopa, na amezungumza kwa upole. Anaogopa nini hasa? Matokeo ya mtihani, au mjumbe wa bodi? Ni hofu mbili tofauti na hazijibiwi kwa neno moja.

Kama ni matokeo, una la kumwonesha. Maswali ya fasihi kwenye mtihani wa taifa huwataka wanafunzi waeleze jinsi waandishi walivyoakisi jamii, wakitumia vitabu walivyosoma. Mtoto aliyezoea kutazama stendi na kuandika alichokiona ana la kueleza pale ambapo mwenzake amekauka baada ya kuorodhesha dhamira. Lakini mwoneshe pia kwamba hoja zao zinatoka kitabuni. Insha nzuri ya mtaani ambayo haimtaji mhusika wala tukio lolote la riwaya haitampa mtoto alama, na mkuu atakuwa na haki ya kulalamika. Ukipenda, mkumbushe Elimu ya Kujitegemea. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kupima kipi kinatufaa, na mtu anayejiamini kuwa yuko huru na sawa na wenzake. Hujaleta kitu kigeni darasani.

Kama hofu yake ni mjumbe wa bodi, msaidie kwa namna nyingine. Mwombe ushauri. Mwambie, "Mkuu, watoto wameandika rasimu, nimewaomba wasubiri. Wewe ungelichukuliaje?" Inawezekana yeye ndiye anayeweza kumvuta mfanyabiashara yule pembeni baada ya kikao, wakayamaliza kwa kunong'ona yale ambayo barua ingeyamaliza kwa vurugu. Inawezekana pia atakwambia uachane nayo kabisa. Hapo utakuwa umejua umesimama wapi, na uamuzi wako utakuwa mgumu zaidi lakini hautakuwa wa kubahatisha.

Na namna yako ya kufundisha je? Unazungumza kama vile mbele yako kuna njia mbili tu, insha za mtaani au notisi za ubaoni. Katikati kuna nafasi pana. Insha unaweza kuzisoma wewe kwanza, kisha mwenyewe akaamua kama anataka isikike. Mnaweza kukubaliana kwamba mtu aliye hai haingii darasani bila ridhaa yake, hata kwa kufichwa jina, na kwamba kila atakaye kusimulia la jirani alibadilishie mtaa, umri na kazi. Waandishi wenyewe hufanya hivyo. Mbogo alipomweka Peter kwenye riwaya, hakuna mtoto wa Dar es Salaam aliyegeukiwa na wenzake darasani. Ule umbali ndio unaompa msomaji ruhusa ya kulia na kukasirika bila kumvua mtu nguo. Hata barua ile inaweza kugeuka igizo fupi la siku ya wazazi, lenye stendi ya mji usiokuwapo na mfanyabiashara asiyeuza mayai. Watakaoelewa wataelewa. Sikufichi kwamba igizo nalo linaweza kumkera mtu, hasa anayejiona ndani yake. Pia linaweza kuwapa watoto njia ya kupoozea hasira kwa makofi tu, wakasahau kwamba nje kuna mwenzao. Pima mwenyewe, unawajua.

Kuna mtoto mmoja ambaye katika barua yako umemsifu kisha ukamwacha. Ni yule msichana aliyeandika. Sasa hivi anasikia minong'ono, anaona dawati la nyuma yake likiwa tupu siku nyingine, na ana akili ya kutosha kujilaumu. Akiona walimu wanakwepa macho yake, ataamini kwamba kuona ni kosa, na kalamu ile ataifunga. Mwite. Mwambie alichokiona ni kweli na amekiandika vizuri. Halafu mzungumze kama waandishi wawili juu ya mtu anayeandikwa, anajisikiaje anapojikuta kwenye maneno ya mwingine bila kuulizwa. Usimwamuru aombe radhi. Muulize kama kuna jambo angependa kumwambia mwenzake, na kama angependa uwepo au usiwepo.

Barua ya mtendaji inaweza kusubiri wiki chache bila kuharibika. Wale watoto wawili hawawezi kusubiri sana, na kwao huhitaji kibali cha bodi wala cha mkuu. Ukishaongea nao niandikie tena, uniambie kijana amesema nini, maana mpaka sasa kila mtu katika habari hii ameshasema isipokuwa yeye.

Shangazi